Neno moja la Kigiriki

Mhariri, salaam. Wiki iliyopita mliuliza: "Nani aliyeubadilisha zaidi Ukristo wa Ulaya, wasomi wa Renaisansi au Martin Luther?" Mimi ni mchapaji wa Tabora, kazi yangu vitabu vya risiti na kadi za harusi, na nasali Katoliki. Jibu langu ni wasomi, wale waliofufua usomaji wa maandiko ya kale ya Kigiriki na Kilatini, na sisemi hivyo kuwakomoa Walutheri.

Watu hupenda kusema mtambo wa kuchapa ndio uliomponza Papa. Mtambo hauna dini. Kule Mainz, Ujerumani, mjini kwa Gutenberg, mwanzilishi wa uchapaji wa Ulaya, miaka ileile Biblia yake ikichapwa, vilichapwa pia vyeti vya rehema, hati za Kanisa ambazo mtu alitoa fedha akapunguziwa malipizi ya dhambi zake. Vipo hadi leo, vya 1454 na 1455: maneno yote yamechapwa, ila imeachwa nafasi tupu ya jina la mnunuzi na ya tarehe, ijazwe kwa kalamu. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Risiti kabisa! Kwa hiyo mtambo ulimtumikia muuza rehema miaka sitini na ushei kabla ya kumtumikia Luther.

Kilichogeuza mambo ni usomaji. Lorenzo Valla, Mwitalia, alikagua maandiko kama karani wa benki anavyokagua hundi. Mwaka 1440 alionyesha kwamba hati iliyodai Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa utawala wa nchi za Magharibi ilikuwa ya kughushi, maana Kilatini chake hakikuwa cha enzi za Konstantino. Akalinganisha pia Agano Jipya la Kilatini na la Kigiriki, akaandika kasoro alizoziona. Maandishi hayo yalilala hadi 1504, msomi Erasmus wa Rotterdam alipoyakuta katika maktaba ya abasia moja jirani na Leuven. Mwaka uliofuata akayachapisha Paris. Kisha 1516, kwa mchapaji Froben huko Basel, akatoa Agano Jipya la Kigiriki, ubavuni Kilatini alichokisahihisha mwenyewe.

Sasa tazameni neno moja tu. Katika Mathayo 4:17 Kilatini kilichozoeleka kilisema "poenitentiam agite". Muumini wa kawaida alisikia "fanyeni kitubio": nenda kwa padri, ungama, timiza malipizi uliyopewa. Na malipizi ndiyo yaliyopunguzwa na cheti. Kigiriki kinasema "metanoeite", yaani geuzeni nia zenu. Sisi wa Kiswahili tuna bahati, yote mawili tunayo: kitubio, ambacho Wakatoliki tunakipokea kama sakramenti, na tubu, neno ambalo huko lilikotoka, kwenye Kiarabu, ni kurudi. Mtoto wa katekisimu anaweza kuona tofauti. Kwa Kilatini palihitajika mtu ajuaye Kigiriki.

Fungueni zile hoja 95 za Oktoba 1517, ambazo Luther, mtawa wa Ujerumani, alizitoa kupinga biashara ya rehema. Ya kwanza inanukuu maneno hayohayo ya Kilatini, na ya pili inakataa kwamba yanahusu kitubio kinachosimamiwa na mapadri. Luther hakuficha alikolitoa: mwaka 1518 alimwandikia Staupitz, mkubwa wake katika shirika la Waagustino, kwamba maana ya neno hilo alijifunza kwa wajuzi wa Kigiriki.

Mtaniuliza, mbona Erasmus mwenyewe hakuthubutu kuachana na Papa? Kweli, hakuthubutu. Alibaki Katoliki, na 1524 na 1525 yeye na Luther wakajibizana kwa vitabu kuhusu utashi wa mwanadamu, kama uko huru au umefungwa. Uthubutu ni wa Luther, simnyimi. Kusimama mbele ya Kaisari Karolo wa Tano pale Worms, Ujerumani, 1521, na kukataa kuyakana maandishi yake, si jambo la kila msomi.

Lakini alipofichwa kwenye ngome ya Wartburg baada ya hapo, akakaa kama majuma kumi na moja kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, Kigiriki alichokuwa nacho kilikuwa cha Erasmus, toleo la pili, la 1519. Tafsiri ilitoka Wittenberg Septemba 1522 bila jina la mfasiri, bila jina la mchapaji, hata mwaka haukuwekwa. Mteja akiniletea kazi ya namna hiyo leo ninamrudisha nayo. Wenzangu wa Wittenberg waliipokea, na kufika Desemba ikabidi waichape upya.