Deni Tulimaliza, Banda Lilikuwa Tupu

Swali lenu la wiki hii linasema: "Utajuaje kama mikopo ya halmashauri imewasaidia vijana wa mtaani kwako?" Nilikuwa mhazini wa kikundi kilichokopa, na daftari letu bado ninalo, kwa hiyo nimeona nijibu.

Kila halmashauri hapa Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 hilo liliingizwa kwenye sheria. Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa baada ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuibua vikundi hewa na fedha zisizorudi, ikarejea 2024. Ndiyo maana kwenye vikao vya kata kinachoulizwa ni kimoja tu: mmerejesha?

Sisi tulikuwa kumi, tukafuga kuku wa nyama. Kundi la kwanza tuliuza vizuri. La pili tulichelewa chanjo, ugonjwa wa mdondo ukaingia. Asubuhi moja tuliokota kuku 140 wamelala chali, tukawafukia nyuma ya banda. Mwezi ule rejesho lililipwa, na daftarini tarehe haijachelewa hata siku moja. Kisichoandikwa humo ni kwamba mwenzetu aliuza simu, na mimi nilimwomba mama akanikopee kwenye vicoba vyao.

Tulilipa mpaka shilingi ya mwisho. Taarifa ya kata ikatuita kikundi bora, wakati banda halina hata kifaranga na wenzangu watano wamesharudi kwenye vibarua.

Mtaa wa jirani kuna mabinti washonaji. Walichelewa marejesho miezi mitatu, wakasemwa mkutanoni mbele ya watu mpaka mmoja akalia. Leo wote wanashona, wawili wana fremu zao. Kwenye makaratasi sisi ndio tumefaulu. Inaniuma.

Kupima vizuri kunawezekana, na kumefanyika hapahapa nchini. Mpango wa Ujana Salama, uliowalenga vijana wa kaya maskini zinazopewa ruzuku na TASAF, mfuko wa serikali, katika mikoa ya Iringa na Mbeya, ulipimwa katika vijiji 130. Vingine vilipata mafunzo na mtaji, vingine viliendelea na ruzuku ya TASAF peke yake. Vijana walihojiwa mwaka 2017 kabla ya kuanza, kisha wakarudiwa tena na tena kwa miaka kadhaa, pande zote mbili. Bila huo upande wa pili, utajuaje kilicholetwa na mpango na kile ambacho kingekuja chenyewe?

Halmashauri haina fedha za utafiti wa namna hiyo, naelewa. Lakini afisa maendeleo ya jamii anaweza kurudi miaka miwili baada ya deni kuisha, akakaa na wanakikundi mmoja mmoja, akauliza: sasa unafanya kazi gani? Nani alijitoa, na kwa nini? Yale marejesho mlilipa kwa fedha ya mradi au ya nani?

Kwetu alikuja mara moja tu, wiki ya pili, vifaranga wakiwa bado wa njano, akapiga picha.