Chupa ya Cahors: ipikie nini?

Dada yangu, umesema chupa ya kwanza ya Cahors, ule mvinyo mwekundu, mliinywa na samaki ikawakwaruza ulimi, na sasa unasita kufungua chupa ya pili. Ifungue tu. Kosa halikuwa la mvinyo.

Cahors hutoka kusini magharibi mwa Ufaransa, kando ya mto Lot. Sheria inataka angalau asilimia 70 iwe zabibu za Malbec. Zinazobaki ni Merlot au Tannat. Rangi yake imekolea kiasi kwamba uliitwa mvinyo mweusi. Ukiunusa utakumbuka zambarau zilizoiva sana, na nyuma yake tumbaku kidogo. Ule ukakasi unaokausha kinywa ni tanini, itokayo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hulainika ikikutana na nyama na mafuta, lakini kwa samaki mara nyingi huacha ladha ya chuma.

Wenyeji huunywa na bata aliyepikwa polepole ndani ya mafuta yake mwenyewe mpaka nyama iachane na mfupa. Mimi ningepika hicho bila kufikiria mara mbili. Ukikosa bata, choma mguu wa kondoo au chemsha mbavu za ng'ombe hadi zilainike. Pilipili iwe kidogo sana, maana huzidisha ule ukakasi.

Kama chupa bado ni changa, mimina mvinyo kwenye jagi saa moja au mbili kabla ya kula. Joto la nyuzi 16 hadi 18 linatosha, kwa hiyo jikoni kukiwa na joto, uweke kwanza kwenye friji dakika 20.