Kuishi kama walowezi wa kwanza wa Marekani: mtu wa leo anaonja nini?
Ndugu, umeuliza kama watu wa leo wanaoishi kwa muda kama walowezi wa kwanza wa Marekani wanayaonja kweli maisha yale. Kwa maoni yangu, wanaionja kazi yake, lakini hofu yake hawaionji. Katika makumbusho ya Plimoth Patuxet, jimboni Massachusetts, waigizaji hupika kwa kuni, hulima mahindi na huzungumza na wageni kama wanakijiji wa karne ya 17, na hapo mgeni huona ni jasho kiasi gani hutangulia mlo mmoja. Hata hivyo, takriban nusu ya abiria 102 wa meli ya Mayflower, iliyowaleta walowezi Waingereza wa kijiji hicho mwaka 1620, walikufa katika baridi ya kwanza, na hakuna maigizo yanayoweza wala yanayopaswa kuirudisha hali hiyo.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba Wenyeji wa Asili wanaohudumu katika sehemu ya makumbusho hayo inayoonyesha makazi ya Wawampanoag, watu wa asili wa eneo hilo, hawaigizi. Wanazungumza kama watu wa leo kuhusu historia ya watu wao, ikiwemo Patuxet, kijiji ambacho maradhi yaliyoletwa na Wazungu yalikifyeka kabla meli ile haijatia nanga. Ukibahatika kufika, anzia kwao.