Rekodi za Polisi: Nani Anaruhusiwa Kuziona, na Aziombe kwa Njia Gani?

Safu hii imepokea barua kadhaa kutoka Dodoma na mikoa ya jirani zinazouliza kuhusu kumbukumbu zinazotunzwa na polisi. Tumechagua nne, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa maelezo yake yatawafaa wengi.

Swali: Ndugu mshauri, kaka yangu aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki katika barabara kuu iendayo Morogoro, akafariki njiani akipelekwa hospitali. Karatasi ya RB (yenye namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni) tuliyopewa siku ile ilipotea katika pilikapilika za msiba. Sasa kampuni ya bima inadai taarifa ya polisi ya ajali, na kila nikienda kituoni naambiwa jalada halionekani, nirudi wiki ijayo. Je, nina haki ya kupewa taarifa hizo? Na kama ninayo, niandike nini?
*Mdogo wa marehemu, Dodoma*

Jibu: Pole sana kwa msiba. Haki hiyo unayo, lakini kwa kiasi kikubwa mafanikio yako yatategemea namna utakavyoomba.

Wengi wetu hufika kaunta tukitaja jina la mtu na kutarajia askari alitafute kama anavyotafuta namba kwenye simu. Kumbukumbu za kituo hazikupangwa hivyo. Kila taarifa inayofikishwa kituoni huandikwa kitabuni kwa mfuatano wa siku na saa ilipopokelewa, ikapewa namba ya RB inayobeba herufi za kituo, namba ya taarifa na mwaka. Jambo likistahili uchunguzi hufunguliwa jalada lenye namba yake nyingine, na jalada hilo hukabidhiwa kwa mpelelezi au, kwa ajali kama ya kaka yako, kwa askari wa usalama barabarani. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kushika si jina la marehemu, bali ni tarehe na saa ya tukio, kituo kilichopokea taarifa, na namba za usajili za vyombo vyote viwili.

Namba ya RB uliyoipoteza haijapotea kila mahali. Nenda hospitali alikopokelewa marehemu uombe waangalie fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ikiwa alifikishwa nayo, au hati ya polisi iliyouagiza uchunguzi wa maiti. Kama dereva alishtakiwa, hati ya mashtaka nayo itakusaidia. Hata mwenye lori, aliyelazimika kuitaarifu bima yake, huenda ana namba hiyo kwenye nyaraka zake.

Ukishaipata, usiulize tu kama jalada lipo. Uliza liko ofisi gani na lilitoka kituoni tarehe gani. Jalada hutembea: huenda kwa mkuu wa upelelezi, likapelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka kwa ajili ya maamuzi, likarudi, kisha likaingia mahakamani. Askari wa zamu anayekuambia halionekani huenda anasema kweli kuhusu kabati lake, bila kuwa na habari kwamba liko mezani pa mtu mwingine umbali wa mitaa miwili. Iwapo kesi ya dereva ilikwisha kusikilizwa, ninakushauri uanzie mahakamani, kwa kuwa mchoro wa eneo la ajali na taarifa ya ukaguzi wa gari vilivyopokelewa kama vielelezo vimo kwenye jalada la kesi, na masjala ya mahakama imezoea kutoa nakala zilizothibitishwa kwa wahusika.

Kama bado liko polisi, andika barua. Maombi ya mdomo hayaachi alama, na asiyejibu ombi la mdomo hana cha kuulizwa baadaye. Msingi wako ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia wa Tanzania haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, nayo inasimama juu ya Ibara ya 18 ya Katiba. Barua iende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, yaani OCD, wa wilaya ilipotokea ajali, na nakala kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa Mkoa. Maneno yake yaweza kuwa haya:

«Mimi ni msimamizi wa mirathi ya marehemu (jina kamili), aliyefariki kwa ajali iliyotokea tarehe (…), saa (…), katika eneo la (…), ikihusisha lori lenye namba (…) na pikipiki yenye namba (…). Tukio liliripotiwa katika Kituo cha (…) kwa RB namba (…). Ninaomba nakala zilizothibitishwa za taarifa ya ajali, mchoro wa eneo la tukio na taarifa ya ukaguzi wa vyombo, kwa ajili ya madai ya bima. Iwapo jalada limehamishwa, ninaomba kujulishwa kwa maandishi liliko na tarehe lilipohamishwa.»

Angalia mambo mawili katika barua hiyo. La kwanza ni kwamba imetaja nyaraka tatu zinazojulikana, haikuomba «jalada lote», kwa sababu ndani ya jalada mna maelezo ya mashahidi na maoni ya mpelelezi ambayo hutapewa, na ombi lililobeba kila kitu hukataliwa kwa urahisi kuliko lililobeba kidogo. La pili ni neno msimamizi wa mirathi. Udugu wenu haubishaniwi, lakini bima itataka mtu aliyeteuliwa na mahakama. Kama hamjafungua shauri la mirathi, fungueni sasa, kwa kawaida katika Mahakama ya Mwanzo, kisha uambatanishe hati ya uteuzi, cheti cha kifo na nakala ya kitambulisho chako.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Muhuri huo ndio unaoanzisha hesabu ya siku, maana sheria inaitaka ofisi ikujibu mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi siku 30. Wakikataa, ni lazima wakueleze sababu. Uchunguzi ambao haujakamilika ni sababu halali. Kusema kwamba msimamizi wa jalada yuko likizo si sababu. Usiporidhika, una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo unaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana. Gharama ya kunakili waweza kutozwa, na udai risiti ya serikali. RB na PF3 hazilipiwi, na anayekudai «ya soda» ili jalada lionekane anastahili kuripotiwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo kuipiga ni bure.

Swali: Nilitoa maelezo polisi kama shahidi wa wizi wa mifugo huko Manyoni. Je, naweza kuomba nakala ya nilichosema? Nahofia nitakuja kuhojiwa mahakamani nikiwa nimesahau.
*Mfugaji, Singida*

Jibu: Uchunguzi ukiwa unaendelea, polisi wanaweza kukunyima nakala, na sioni njia rahisi ya kuwalazimisha. Nafasi yako nzuri ilikuwa pale ulipomaliza kuhojiwa, kwa sababu maelezo hupaswa kusomwa kwako, ukarekebisha palipokosewa, kisha ukatia sahihi. Wengi hutia sahihi huku wakitazama saa. Kesi itakapofika mahakamani, zungumza na mwendesha mashtaka kabla ya siku ya kutoa ushahidi na umwombe akukumbushe uliyoandikisha. Fahamu pia kwamba maelezo ya mlalamikaji aliyefungua taarifa, ikiwa atakuwa shahidi, mshtakiwa ana haki ya kupewa nakala yake chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hivyo mlalamikaji asishangae upande wa pili ukimsomea maneno yake mwenyewe.

Swali: Shikamoo. Nina nyumba ya kupangisha Nkuhungu na ninatafuta pia mlinzi wa usiku. Tangu wizara zihamie Dodoma wapangaji ni wengi na simjui yeyote kati yao. Jirani yangu ana mtoto askari aliyesema anaweza kuniangalizia kwenye rekodi kama mtu ana kesi. Je, ni sawa?
*Mama mwenye nyumba, Dodoma*

Jibu: Marahaba, mama. Si sawa, na ninakusihi usikubali hata kama kijana huyo anatoa msaada kwa nia njema. Rekodi za jinai hazikuwekwa ili kila mwenye nyumba azipekue. Kumbukumbu kwamba mtu aliwahi kuripotiwa kituoni haisemi kwamba alitenda kosa: watu huripotiwa kwa chuki, kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, hata kwa kufanana majina. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe na kutumiwa kwa sababu halali iliyo wazi, na imeunda Tume inayopokea malalamiko. Askari akitoa taarifa za ofisi kwa njia ya mlango wa nyuma anahatarisha kazi yake, nawe unakuwa sehemu ya shauri hilo.

Njia halali inapitia kwa mhusika mwenyewe. Mwambie anayeomba kazi ya ulinzi alete cheti cha tabia njema. Huomba yeye, kwa jina lake, na huchukuliwa alama za vidole ambazo hulinganishwa na kumbukumbu za Jeshi la Polisi zinazosimamiwa na upande wa upelelezi wa makosa ya jinai. Hapo unachokisoma ni majibu ya alama za vidole, si ya jina ambalo watu kumi wa mtaa mmoja wanaweza kuwa nalo. Kwa mpangaji, kudai cheti hicho naona ni kupita kiasi. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa alikotoka, kitambulisho cha taifa na mazungumzo na mwenye nyumba wake wa awali vitakueleza mengi zaidi, maana polisi hawaandiki kitabuni habari za wasiolipa kodi.

Swali: Babu yangu, Mgogo wa Chamwino, alikuwa askari polisi enzi za mkoloni. Nataka kuandika historia ya ukoo wetu. Je, niende kituo gani?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Jibu: Usiende kituoni. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919, na karatasi za zama hizo zilizosalia haziko kwenye kabati za vituo vya leo. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inafungua nyaraka za umma kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30, isipokuwa zile zilizozuiwa kwa sababu maalumu. Andika kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo, na uombe orodha za majalada ya Jimbo la Kati, ambalo Dodoma ilikuwa makao yake.

Usitegemee sana kupata jalada la babu mwenyewe. Majalada ya utumishi ya askari wa ngazi ya chini hayakutunzwa kwa uangalifu uliopewa yale ya maofisa, na majina yanayotokea kwenye Gazeti la Serikali la wakati ule mengi ni ya wenye vyeo. Utakachokipata kwa uhakika zaidi ni ripoti za mwaka na barua za wakuu wa wilaya, zinazoonyesha askari walifanya kazi gani na katika mazingira yapi. Sehemu nyingine ya nyaraka hizo iko London, katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, chini ya mfululizo wa CO 691 wenye barua za serikali ya Tanganyika. Kabla ya yote, fungua sanduku la bibi. Namba ya askari iliyoandikwa kwenye cheti cha kuacha kazi, au nyuma ya picha ya kikosi, itakufaa zaidi ya jina, hasa kwa kuwa makarani wa Kiingereza waliyaandika majina ya Kigogo kila mmoja kwa namna yake.