CD14 kwenye HL-60 zilizowekewa DMSO

Umeuliza kama DMSO yako (kiyeyusho cha kukomaza seli) imeharibika, maana HL-60 zako, yaani seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara, hazionyeshi CD14, protini ya juu ya seli. Hapana, kukosa CD14 hakumaanishi hivyo. DMSO huzisukuma HL-60 upande wa granulositi, aina ya seli nyeupe za damu, jambo lililoonyeshwa na kundi la mtafiti Robert Gallo kule Marekani tangu 1978. CD14 ni alama ya monositi, aina nyingine ya seli nyeupe; ukiitaka ipande vizuri, tumia vitamini D3 katika umbo lake amilifu, yaani kalsitrioli.

Kwa DMSO tazama CD11b, protini nyingine ya juu ya seli. Ukiweka kama asilimia 1.25 kwa siku 5 au 6, inapanda waziwazi, huku CD71, kipokezi cha transferini (protini inayobeba chuma), ikishuka. Hiyo ya pili watu huisahau, na mimi ndiyo naiamini zaidi: seli inayoacha kugawanyika haihitaji chuma kingi, kwa hiyo inapunguza milango ya kukiingizia. Ukiona CD11b juu na CD71 chini kwa pamoja, seli zimekomaa kweli.

Ila CD11b peke yake haikwambii ni granulositi au monositi, maana zote mbili zinayo. Halafu tumia rangi inayotambulisha seli zilizokufa, uzitenge kabla ya kusoma matokeo. Kufikia siku ya 6 huwa zipo za kutosha, na zinanasa ovyo kingamwili unazopimia hadi unadhani kipokezi kimepanda. Na kama kuna chupa uliyoiwekea PMA, kemikali nyingine ya kukomaza seli hizi, seli zake zitakuwa zimegandamana na plastiki. Usizibandue kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, inaweza kukata hivyo hivyo vipokezi unavyovipima. Tumia EDTA baridi, kemikali inayobandua seli kwa kunasa kalsiamu.