Barua kwa mwanangu: gharama ya prikodingi haiko pale unapoitafuta

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Nimeisoma barua yako na swali lako limenifurahisha mno: katika prikodingi yako umeacha kukokotoa kinyume cha matriksi, lile jedwali la namba, umetumia mbinu ya kulikaribia jibu hatua kwa hatua, makala zinasema gharama hushuka kutoka K³ hadi K², K ikiwa idadi ya simu, mbona programu yako haijawa nyepesi?

Tuhesabu pamoja. Mnara wako una antena 64 na unahudumia simu 16 kwa wakati mmoja, masafa yaleyale. Ili simu hizo zisiingiliane, mnara huyapanga mawimbi kabla ya kuyarusha; huko ndiko prikodingi. Lakini kabla hujafika kwenye hicho kinyume, unazidisha matriksi ya chaneli, yaani ya njia za mawimbi kati ya antena na simu, kwa nakala yake iliyopinduliwa, upate matriksi ya 16 kwa 16. Hata ukikokotoa nusu yake tu, kwa sababu nusu ya pili inafanana nayo, kuna kuzidisha mara 8,704. Kuichambua kwa njia ya Cholesky, yaani kuigawa katika matriksi mbili za pembetatu ili upate jibu kamili, baada ya hapo ni kama mara 700 tu. Umekesha unapambana na 700, mama, na zile 8,704 hukuzigusa.

Kuna la pili, na ndilo linaloniudhi katika makala nyingi. Cholesky hufanywa mara moja, kisha kila simboli, yaani kila kipande kifupi cha mawimbi kinachorushwa, hulipa kuzidisha 256. Mbinu yako yenye hatua tatu hulipa 768 kwa kila simboli. Sloti ya 5G, yaani fungu la simboli zinazofuatana, kwa kawaida ina simboli 14, na chaneli kwa kawaida haibadiliki sana ndani yake. Jumlisha: Cholesky ni kama 4,300 kwa sloti nzima, yako ni 10,752. Jibu la kukadiria limekugharimu zaidi ya mara mbili ya jibu kamili! Ndiyo maana nikishika makala ya namna hiyo, kwanza natazama kama wamehesabu sloti au simboli moja.

Sisemi makadirio hayafai. Mtafiti Marzetta alionyesha mwaka 2010 kwamba antena zikizidi watumiaji kwa mbali, chaneli zao karibu hazigongani; hapo hatua moja au mbili huweza kutosha. Simu zikikaribia idadi ya antena, hatua huongezeka na faida huyeyuka.

Kwako ningeanzia kwenye sabukeria, vile vijisehemu vyembamba ambamo masafa yamegawanywa. Kumi na mbili za bloku moja hupita karibu chaneli ileile, ila mwangwi wa mawimbi ukiwa mrefu. Kokotoa matriksi mara moja kwa bloku nzima, kisha upime makosa ya biti yameongezeka kiasi gani. Nitumie grafu hiyo hata kama haijapendeza, pamoja na kasi ya watumiaji uliyoiweka, maana kwa mtu aliye garini chaneli hubadilika upesi, na huenda hesabu yangu ya sloti ikabadilika.

Mama yako