Mtoto anatupa kijiko, nimchape?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Binti yangu ana miezi 9. Nikimlisha uji ananyakua kijiko na kukitupa sakafuni. Nikiokota, anakitupa tena. Mama mkwe, aliyetoka Makueni kunisaidia, anasema ni utundu, nimchape vidole mapema. Jirani naye ananiambia nimwekee video za kumfunza maneno kwenye simu. Nishike lipi?
Mama Mpya, Kayole

JIBU: Mama, usimchape. Nami nilimchapa kifungua mimba wangu kwa kosa kama hilo. Aliacha kutupa, ndiyo, lakini kwa siku kadhaa kila alipotaka kugusa kitu alitazama kwanza mkono wangu. Hadi leo naumia nikikumbuka.

Akikitupa tena, mtazame machoni. Anakifuata kijiko mpaka chini. Kwenye saruji kinalia, kwenye mkeka kinanyamaza. Kesho atatupa leso, nayo itashuka taratibu. Hayo anajifunza mwenyewe, kwa kurudiarudia. Jioni kifunike kijiko kwa leso akiona: huenda akaifunua na kukichukua. Miezi michache iliyopita angekiacha kana kwamba hakipo tena. Jean Piaget, mtaalamu wa makuzi ya akili ya watoto kutoka Uswisi, aligundua mengi ya namna hii kwa kuwatazama wanawe watatu nyumbani, ingawa watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba watoto huelewa mapema kuliko alivyodhani.

Kuhusu simu, kuna utafiti wa Patricia Kuhl na wenzake wa Marekani, wa mwaka 2003, nao ulihusu watoto wa umri huohuo wa binti yako. Wengine walichezewa na kusomewa na mtu aliyezungumza Kichina mbele yao. Wengine wakamwona na kumsikia kwenye video tu. Wa kwanza walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakuambulia kitu.

Kwa hiyo mwalimu wa maneno unaye hapo nyumbani. Mwombe mama mkwe, kwa heshima, amlishe yeye mara moja kwa siku huku akimsemesha Kikamba: kijiko kimeanguka, kiko wapi, hiki hapa. Wewe endelea na Kiswahili chako. Usihofu kwamba atachanganyikiwa; watoto wengi wa Nairobi wamekulia katika lugha mbili au tatu.

Na uji usipoe: mpe kijiko kimoja cha kutupa, wewe shika kingine cha kumlishia.